Hakuna Aliyekiuliza Kilima: Kutoka Itiryo Hadi Mugumu kwa Ajili ya Mirihi

Niliondoka Itiryo Jumatano asubuhi kwa sababu ya mbuzi aliyechinjwa kabla mwanangu Marwa hajaanza kung'oka meno ya utoto. Mnaonisoma hapa nyumbani mtasema bibi amezeeka, anachanganya habari. Sijachanganya kitu. Darasa langu ni la nne tu, lakini jina la mtu silisahau, wala la ng'ombe, na yule mbuzi nakumbuka alikuwa mwekundu mwenye doa jeupe kwenye goti.

Ilikuwa hivi. Jumanne nilikuwa napepeta ulezi, simu ya Marwa ikaita. Alikuwa ameiacha kwangu ipate chaji, maana mwenye sola ni mimi. Nikapokea.

"Shikamoo mama. Mimi ni Mwalimu Magesa, namfundisha Bhoke jiografia huku Mugumu."

"Marahaba. Mtoto anaumwa?"

"Haumwi. Amenivunjia heshima mbele ya darasa. Nimemwondoa kwenye maonyesho ya sayansi ya Ijumaa mpaka mzazi afike."

"Amekwambia nini, mwalimu?"

"Ameniambia eti nimemuuliza mbuzi swali lisilo lake."

Nikakaa chini, juu ya ulezi wangu. Nilijua ni mbuzi yupi.

Bhoke ni binti wa Marwa, yuko kidato cha tatu, anakaa bweni kwenye shule moja nje kidogo ya Mugumu. Marwa aliporudi na ng'ombe nikamwambia kesho nakwenda kumtazama. Akasema, "Mama, baba yake ni mimi. Acha niende mimi." Nikamwambia abaki, nimewapapasa ng'ombe, wawili wanakaribia kuzaa. Aliyekuwa anakaribia ni mmoja. Nilidanganya, ninaandika hapa kwamba nilidanganya, kwa sababu sikutaka Marwa asikie habari ya mbuzi yule kutoka kinywani mwa mwalimu.

Saa moja asubuhi, bodaboda ilinipitisha chini ya kilima ambacho hakuna anayelima. Watoto wenu hawajui kwa nini hakilimwi. Basi wasome.

Mume wangu Mwita alikuwa na wake wawili, mimi Ghati na mwenzangu Robhi. Miaka ile wezi walikuwa wanatuvizia tukipeleka ng'ombe mtoni. Mwita akataka kuchimba lambo pale juu kilimani, ng'ombe wanywe karibu na zizi. Kwetu jambo kubwa halianzwi bila kuchinja na kusoma matumbo. Wakakaa watano: Mwita, Chacha Nyamhanga, Wambura Gesabo, Kehengu, na Matiko mdogo wake Mwita, ambaye ndiye alimshika mbuzi miguu. Wakauliza: ng'ombe watanenepa? Matumbo yalikuwa safi. Ng'ombe watanenepa. Na kweli walinenepa, hakuna aliyedanganywa na mbuzi. Waliuliza habari ya ng'ombe, wakajibiwa habari ya ng'ombe. Kilima chenyewe, ambacho tangu kiumbwe hakijawahi kubeba maji yaliyotuama, hakuna aliyekiuliza.

Mwaka wa tatu, wakati wa masika, mchana watu wakiwa wanapalilia, kilima kikateremka. Kilikuwa kimekunywa kwa ndani taratibu, kwa juu kikavu, kwa chini uji. Kikaifunika nyumba ya Robhi, na Robhi mwenyewe, na binti zake Wankuru na Mogosi. Marwa mwanawe alikuwa ng'ambo na ndama. Jioni ile nikamchukua, akawa wangu. Wazee wakakaa, wakalifunga neno: isemwe ni mvua ya Mungu. Marwa akaambiwa hivyo, na mdomo uliomwambia ni huu wangu.

Bhoke nilimwambia kweli likizo iliyopita, tukichambua maharage, baada ya kunisumbua kuhusu kilima. Nikamwapisha asimwambie baba yake. Baba hakumwambia. Akalipeleka shuleni!

Saa nne nilikuwa Nkende, mjini Tarime, kwa Nyangi, binti wa kaka yangu. Ni fundi wa kushona. Nikamkuta anabana suruali ya mtu, pini mdomoni, akanisalimia hivyohivyo na pini zake. Nikamweleza. Nikamwuliza hasa shule inafundisha nini mpaka mbuzi wetu aingie.

Nyangi akatema pini, akapiga simu shuleni kuongea na matroni, kisha akafungua picha kwenye simu yake. "Shangazi, hii ndiyo Mirihi. Ni sayari jirani yetu. Wapo wataalamu wanaosema siku moja watu waipashe joto nzima, barafu yake iyeyuke, mito itiririke, majani yaote, hewa iwe ya kuvuta. Watu wahamie. Bhoke alipewa aandike itakuwaje."

Nikaitazama. Ardhi nyekundu, mawe, vumbi.

"Mbona ni kama Itiryo ya kiangazi?"

"Ndiyo hivyo, shangazi."

"Sasa wameacha Itiryo wanaitafuta Itiryo nyingine mbinguni? Sisi hapa tuna mvua tayari, tuna hewa, hata barabara tu imewashinda!"

Akacheka mpaka mteja wake naye akacheka. Mimi sikucheka. Nikauliza, "Na hiyo barafu iko wapi?"

"Nyingine iko ndani ya udongo, chini. Imeushika udongo kama gundi."

Nikamrudishia simu yake. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Unaondoa gundi, kilima kinafanya nini? Mtoto wetu hakuwa amepayuka. Lakini hasira yangu haikupoa, iligawanyika tu: nusu kwa Bhoke aliyemjibu mwalimu kama anajibizana na mwenzake, nusu kwa hao wanaotaka kuyeyusha dunia ya watu. Nyangi akasema haina watu. Nikamwambia basi ina mwenyewe.

Alhamisi asubuhi nikapanda gari la kwenda Nyamongo, nikashuka Nyangoto. Sikushuka kutembea. Neno lililofungwa na wazee halifunguliwi na mtu mmoja akijisikia, na katika wale watano amebaki Matiko peke yake. Alihamia huko siku nyingi kufuata dhahabu, akachimba mpaka magoti yakakataa. Nilimkuta uani ameketi juu ya jiwe, anaota jua.

"Shemeji Ghati! Bado hujafa?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe utangulie, ukanifagilie njia."

"Basi utasubiri. Wenye madeni na Mungu hatufi upesi."

Mkewe akaniletea uji. Nikamweleza Matiko yote, Bhoke, mwalimu, Mirihi na barafu yake. Alisikiliza akikuna goti. Kisha akaniambia jambo ambalo ningesoma madarasa yote nisingelipata kwa uzuri ule.

"Shemeji, mimi mwamba naujua. Mwamba mkavu ni mtu wa heshima. Unaweza kukaa chini yake miaka, asikuguse. Shida ni ukimfungulia mlango. Tukichimba shimo, hewa inaingia mahali ambapo haijawahi kuingia. Kuna jiwe lina vichembe vya njano vinavyong'aa, wageni wanadhani ni dhahabu. Likiwa chini halina neno. Likipata hewa na maji linaoza, jiwe, linaoza kama nyama, linatoa maji machungu yanaua majani. Na ukuta uliosimama toka babu, ukishalowa, unabanduka vipande. Hukuupiga nyundo. Umeunywesha tu."

"Kwa hiyo ukiipelekea sayari nzima hewa na maji?"

"Umefungua mashimo yote kwa siku moja." Akatema mate pembeni. "Hao wataalamu wana wachimbaji kati yao?"

"Sijui."

"Wawaulize wachimbaji kwanza. Tena wale waliofukiwa wakatoka."

Nikaona ndio wakati. "Matiko, nataka kulisema neno la kilima. Kwa jina la Mwita. Bila hivyo mtoto ataonekana mwongo."

Akakunja uso. "Lile tulilifunga. Unataka kumvua kaka yangu nguo akiwa kaburini? Na Marwa je? Marwa akijua baba yake ndiye..."

"Robhi yuko kaburini pia," nikasema. "Yeye kilima ndicho kilichomzika, na nguo zake mwilini. Nani alimfungia neno yeye?"

Akaendelea kukuna goti. Tulikaa mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni kwetu. Mkewe alikuwa analeta chakula ndipo Matiko akasema, akitazama pembeni, "Mimi sijakuruhusu. Lakini masikio yangu yamezeeka, shemeji. Sikusikia ulipouliza."

Nililala kwao. Nilikasirika naye, na hadi leo nimekasirika naye. Mwanaume mzima anajificha nyuma ya masikio.

Ijumaa, jua lilipochomoza, gari lilivuka daraja la Mto Mara. Mto ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa. Jirani yangu kwenye kiti, mama wa Kiikoma anayerudi kwake, akasema mto unabeba mashamba ya watu wa juu, kila mwaka unahamisha kingo. Nikamwuliza kama Mirihi ikipewa mito itakuwaje, mito mipya juu ya udongo ambao haujui mto. Akanitazama, akanihurumia, akanipa ndizi. Nadhani aliona niko safarini kwenda hospitali.

Saa tatu nilifika shuleni. Ofisini alikuwepo mkuu wa shule, mama wa Kinata mwenye sauti ya chini, na Mwalimu Magesa, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na Bhoke amesimama ukutani macho chini. Nikapewa kiti na maji.

Mwalimu akasema, "Bibi, mada ilikuwa: binadamu ataifanyaje Mirihi iweze kukalika. Wenzake wameandika misitu, miji, mashamba. Mgeni rasmi anakuja, wazazi wanakuja, tunataka watoto waonyeshe matumaini. Bhoke ameandika kurasa nane, sita ni matope na nyufa."

"Ni uongo?"

"Siyo uongo wote." Hapo alikuwa mkweli, nampa haki yake. "Barafu ikiyeyuka ardhi inaweza kudidimia. Ukijaza bahari kwenye mabonde, uzito wake unaweza kuamsha matetemeko. Na ameandika kwamba mwamba utaila hewa. Maji yenye hewa hiyo yakikutana na mawe, hewa inageuka kuwa jiwe. Kwetu milima ya moto huirudisha. Kule milima ya moto imelala, hakuna wa kurudisha. Hayo yapo vitabuni."

"Basi kosa liko wapi?"

"Huu hapa ushahidi wake mkuu." Akasoma: "'Katika kijiji kimoja mzee mmoja alichimba lambo juu ya kilima.' Mzee gani, bibi? Kijiji gani? Nani aliona? Hii ni hadithi ya jikoni. Nimeufuta mara mbili, ameurudisha mara mbili, mara ya tatu ndipo akanitajia mbuzi."

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa nimekasirika. Hadithi ya jikoni! Robhi ni hadithi ya jikoni! Lakini aliposema mzee gani, nani aliona, alikuwa sahihi, na ndiyo iliyoniuma kuliko matusi. Bhoke aliandika "mzee mmoja" kwa sababu mimi nilimfunga mdomo. Mtoto aliadhibiwa kwa woga wangu.

Nikaanza na Bhoke. "Piga magoti umwombe mwalimu msamaha. Ukweli hauna ruhusa ya kutukana." Akapiga, akaomba, mwalimu akamwinua.

"Na wewe mwalimu, chukua kalamu. Kijiji ni Itiryo. Mzee ni Mwita, mume wangu. Waliokufa ni Robhi mke mwenzangu, na binti zake Wankuru na Mogosi. Aliyeona ni mimi. Nilichimba kwa mikono hii mpaka kucha zikatoka."

Bhoke akaanza kulia. "Bibi, baba atasikia."

"Baba yako ni kazi yangu, si yako."

Mkuu wa shule akauliza taratibu, "Mama, utaweza kuyasema haya pale uwanjani, kando ya kazi yake? Maana karatasi watu watabisha."

Nikasema nimekuja safari ya siku tatu, siwezi kushindwa hatua mia.

Saa sita mchana, uwanjani. Watoto walikuwa na meza zao na mabango: Mirihi ya kijani, Mirihi yenye maua, moja ina hata twiga. Meza ya Bhoke ilikuwa na kipande cha bati kilichoinuliwa upande mmoja, juu yake udongo mwekundu aliougandisha kwa siku nne kwenye friza la jikoni, mgumu kama tofali. Juu ya udongo alipanga vijumba vya maboksi ya kiberiti. Watu wakaja, wakaugonga kwa vidole, ngo ngo ngo. Mzazi mmoja akamtania, "Binti, hapa unaweza kujenga ghorofa!" Bhoke akamjibu, "Ndiyo, mzee. Subiri jua."

Akawaeleza. Mimi nikasimama kando nikaeleza ya kwangu, kwa majina. Wengine walikuwa wanasikiliza, wengine wanatafuna karanga. Mgeni rasmi akauliza, "Kwa hiyo nyie hamtaki maendeleo?" Nikamwambia, "Baba, mume wangu naye alitaka maendeleo. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka maji karibu. Swali alilouliza lilikuwa la tumbo lake. Na hao wa Mirihi nawasikia wanauliza: tutapumua? Tutakula? Tutaotesha bustani? Hakuna anayeuliza, mlima huu ukilowa utalala wapi. Wanaita ile ardhi tupu. Kilima chetu nacho tulikiita kitupu."

Wakati huo udongo ulikuwa umeanza kutoa jasho. Kwanza kijito chembamba pembeni. Kisha kwa juu bado unaonekana mzima, kabisa mzima, na huo ndio uongo wake. Halafu wote kwa pamoja ukatoka, taratibu, bila kelele, ukavibeba vijumba ukavifunika. Yule mzazi wa ghorofa alisema "Eee!" akarudi nyuma. Mwalimu Magesa alikuwa ameshika daftari, haandiki. Mimi nilishika meza. Nilikuwa sijauona ule mwendo tangu siku ile, na ulikuwa uleule, mwendo wa mtu anayeshuka kitandani.

Bhoke hakupata zawadi ya kwanza. Iliyoipata ni Mirihi yenye twiga. Nilitaka kugomba, mkuu wa shule akanishika mkono akacheka. Lakini kazi yake ilibaki mezani kurasa zote nane, na Mwalimu Magesa alirudisha mwenyewe kwa kalamu nyekundu ile sehemu aliyoifuta, na pale palipoandikwa "mzee mmoja" akaandika Mwita wa Itiryo. Akaniambia, "Bibi, nilikuwa nawafundisha sayari bila ardhi." Nikamwambia ajirekebishe, bado kijana.

Jumamosi nilirudi bila kulala njiani. Nyangoto sikushuka. Garini nilifikiri sana. Nilichojifunza ni hiki, na nakiandika kwa hasira ileile niliyoondoka nayo. Ardhi haina haraka. Utaipasha joto, utaijaza maji, itakunyamazia mwaka wa kwanza, wa pili, utaiita rafiki, na wakati huo inabadilika ndani usikoona. Siku ikikujibu, atakayefunikwa siye aliyeuliza swali. Na wakubwa watakaa, watatafuta mvua ya kusingizia. Hata huko Mirihi, ambako mvua haijanyesha, wataitafuta. Kabla hamjanyoosha mikono kwa jirani, semeni kwanza majina ya mliowafunika hapa.

Jioni, jua halijazama, nilimkuta Marwa zizini anakamua. Ng'ombe amezaa, mmoja, na yeye alikuwa ameshajua kwamba nilimdanganya. Akauliza, "Mtoto alikuwa amefanya nini, mama?"

Nikamwambia aache kukamua. Nikamwambia. Lambo, mbuzi, baba yake, wazee, mdomo wangu. Sikukaa, nilisema nimesimama, nilipomaliza nikabaki nimesimama.

Ndama alilia, Marwa akamsogeza kwa mama yake. Kisha akasema, bila kupaza sauti, "Kanisani mmenisema miaka yote. Marwa haingii, Marwa ana kiburi. Nilikuwa nimegombana na Mungu, mama. Kwa ajili ya mvua yake. Kumbe nimemgombeza mtu asiye na kosa, na wewe unaniona."

Alikuwa na haki ya kunifukuza pale zizini, na mimi ningeondoka.

Akachukua ndoo iliyokuwa tupu, akaiweka chini kifudifudi, akanionyesha nikae. Yeye akachuchumaa mbele yangu, mtu mzima mwenye mvi.

"Haya. Niambie upya toka mwanzo. Na usiitaje mvua."

Nikaanza na mama yake: alikuwa anaitwa Robhi, alikuwa anacheka upesi, na asubuhi ile alikuwa ameazima kwangu ungo.